Sudoku ya Vizimba: Jinsi ya Kuifumbua Bila Kubahatisha

Katika Sudoku ya kawaida unaanza na namba chache zilizokwisha kujazwa. Katika Sudoku ya vizimba, ambayo magazetini na kwenye simu utaikuta kwa jina la Killer Sudoku, mara nyingi hupewi hata namba moja. Unapewa jumla tu. Gazeti la The Times la London lilianza kuichapisha mwaka 2005, chini ya mwaka mmoja tangu lianze kuchapisha ile ya kawaida. Wengi huikwepa wakidhani ni ya mabingwa wa hesabu. Sivyo. Ukijua kujumlisha na kutoa unaiweza, kwa sharti moja: usiandike namba usiyoweza kuieleza sababu yake.

Tafuta penseli, raba na kipande cha karatasi cha kufanyia hesabu.

Sheria zake

Kila safu mlalo, kila safu wima na kila boksi la vyumba tisa lazima liwe na namba 1 hadi 9, bila namba kujirudia. Juu ya hayo, vyumba vimegawanywa katika vizimba vilivyozungushiwa mistari ya nukta. Namba ndogo iliyo kwenye pembe ya kizimba ni jumla ya namba zote zilizomo. Ndani ya kizimba namba hairudiwi, hata kizimba kikiwa kimevuka kutoka boksi moja hadi jingine.

Hatua ya 1: Anza na vizimba vyenye jibu moja

Kagua mraba mzima ukitafuta jumla ndogo sana au kubwa sana. Hizi hupatikana kwa namna moja tu:

- Vyumba viwili: 3 ni 1 na 2, 4 ni 1 na 3, 16 ni 7 na 9, 17 ni 8 na 9.
- Vyumba vitatu: 6 ni 1, 2, 3, 7 ni 1, 2, 4, 23 ni 6, 8, 9, 24 ni 7, 8, 9.
- Vyumba vinne: 10 ni 1, 2, 3, 4, 11 ni 1, 2, 3, 5, 29 ni 5, 7, 8, 9, 30 ni 6, 7, 8, 9.

Jumla ya 4 haiwezi kuwa 2 na 2, kwa sababu namba hairudiwi. Vizimba vyenye jumla za katikati viache kwanza. Jumla ya 15 kwa vyumba vitatu, kwa mfano, ina njia nane, na kuihangaikia mapema ni kupoteza muda.

Hatua ya 2: Andika namba zinazogombea

Kwa maandishi madogo, andika katika kila chumba namba zinazoweza kukaa humo. Kisha futa kwa majirani. Kizimba cha 17 chenye vyumba viwili kikiwa kimelala katika safu mlalo moja, 8 na 9 za safu hiyo zimeshapata mwenyewe, hata kama bado hujui ipi iko wapi. Zifute katika vyumba vingine vyote vya safu hiyo. Kizimba hicho kikiwa ndani ya boksi moja, zifute pia kwenye boksi lote.

Hatua ya 3: Tumia kanuni ya 45

Hapa ndipo penye siri ya mchezo. Ukijumlisha 1 hadi 9 unapata 45, kwa hiyo kila safu na kila boksi lina jumla ya 45. Vizimba vikijaza boksi lote isipokuwa chumba kimoja, jumlisha vizimba hivyo, toa kwenye 45, na kitakachobaki ndiyo namba ya chumba hicho.

Tuchukue boksi la juu kushoto lenye vizimba hivi:

- Kizimba cha 17: chumba cha kwanza na cha pili cha safu ya kwanza.
- Kizimba cha 17: chumba cha tatu cha safu ya kwanza, pamoja na cha pili na cha tatu cha safu ya pili.
- Kizimba cha 6: chumba cha kwanza cha safu ya pili, pamoja na cha kwanza na cha pili cha safu ya tatu.

Kimebaki chumba cha tatu cha safu ya tatu, ambacho kimeungana na jirani yake wa boksi linalofuata katika kizimba cha 8. Piga hesabu: 17 na 17 na 6 ni 40. Toa kwenye 45, inabaki 5. Iandike.

Hatua ya 4: Fuata namba inakokupeleka

Kizimba cha 8 kina 5, basi jirani ni 3. Sasa safu ya tatu ina 3 tayari. Kizimba cha 6 ni 1, 2 na 3, na vyumba vyake viwili viko katika safu hiyohiyo ya tatu. 3 haiwezi kukaa humo, hivyo inakwenda kwenye chumba cha kwanza cha safu ya pili. Namba tatu zimepatikana kwa hesabu mbili tu za kutoa. Tena, kizimba cha pili cha 17 sasa hakina budi kuwa 4, 6 na 7, kwa kuwa nyingine zote za boksi zimekwisha chukuliwa.

Hatua ya 5: Igeuze kanuni

Wakati mwingine vizimba vinajaza boksi lote na kuchomoza nje kwa chumba kimoja. Hapo jumlisha vizimba vyote kisha utoe 45. Vikiwa na jumla ya 52, chumba cha nje ni 7. Ukikwama, panua eneo: maboksi mawili au safu mbili ni 90, na tatu ni 135.

Hatua ya 6: Hakiki

Kila kizimba kikijaa, kijumlishe papo hapo. Mwishoni usitosheke na 45 ya safu, kwa sababu safu inaweza kufikisha 45 huku namba zikijirudia. Hakiki namba 1 hadi 9, moja baada ya nyingine.

Fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja tu, na njia ya kulifikia ipo. Ukikwama usibahatishe, rudi kwenye 45.