Kufundisha Mzingo wa Duara kwa Ukanda wa Bati

Wanafunzi wengi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi huijua kanuni ya mzingo wa duara kwa kuikariri tu, wala hawajui inatumika wapi. Somo hili lakusudia waione ikifanya kazi mikononi mwao, kwa kutazama tatizo la mafundi wa ujenzi: kumalizia kwa ukanda wa bati ukingo wa ukuta uliopinda.

Kuta za majengo mengi ya siku hizi huvikwa mabamba ya madini. Jumba la makumbusho la Guggenheim mjini Bilbao, Hispania, lililofunguliwa mwaka 1997, limevikwa mabamba ya titani yenye unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Kwa wembamba huo huweza kufuata mapindo ya jengo. Lakini popote bamba la namna hiyo linapokoma hubaki ukingo mkali unaoweza kupitisha maji. Fundi huufunika kwa ukanda uliokunjwa pembe mraba: ubawa mmoja hulala usoni mwa ukuta, wa pili hulala juu ya ukingo. Hapo ndipo shida inapoanza, kwani bati lililopinda kwa urahisi likiwa bapa, likishakunjwa hivyo hukataa.

Darasani tumia karatasi ngumu, si bati. Makali ya bati hukata vidole hata vya fundi. Tafuta kopo lenye nusu kipenyo cha sentimita 7, au tengeneza la kadibodi. Kila mwanafunzi akate ukanda wa urefu wa sentimita 22 na upana wa sentimita 4, aukunje katikati kwa urefu wake, kisha auzungushe nusu ya mdomo wa kopo, ubawa mmoja ukilala ubavuni, wa pili ukielekea ndani. Karatasi itajikunyata. Usiharakishe kuwaokoa! Mwalimu anayetoa kanuni kabla ya mikunyato huwa amejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Sasa wapige hesabu. Nusu ya mzingo wa nje ni 22/7 × 7, yaani sentimita 22. Ncha ya ubawa wa ndani iko kwenye duara la nusu kipenyo cha sentimita 5, na nusu ya mzingo wake ni sentimita 15 5/7. Ziada ni sentimita 6 2/7, nayo haina pa kwenda ila kujikunja.

Kabla ya kuendelea waulize: ukuta wenye nusu kipenyo cha mita 7, kwa ukanda wenye ubawa ule ule wa sentimita 2, utakuwa na ziada gani? Aghalabu watasema mara mia. Waache wabishane, kisha wahesabu: 2200 toa 2193 5/7. Ziada ni ile ile, 6 2/7, kwa sababu hutokana na upana wa ubawa tu, yaani 22/7 × 2. Tofauti ni kwamba kwenye kopo imebanwa katika sentimita 22, na kwenye ukuta imetawanyika katika mita 22, chini ya milimita 3 kwa kila mita. Kiasi hicho bati laini huweza kukivumilia likipindwa polepole. Jambo hili, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha somo. Likipewa nusu ya kipindi si hasara.

Kwa pindo kali fundi hana budi kuuchanja ubawa mmoja. Wanafunzi wakikata mikato 11 ya umbo la V, kila mmoja ukiwa na upana wa 4/7 ya sentimita kwenye ncha, ziada yote itaondoka na ukanda utatulia. Baadhi ya kanda za kiwandani huuzwa zikiwa zimekwisha kuchanjwa ubawa mmoja. Huo hufichwa nyuma ya vazi la ukuta, na ubawa mzima ndio uonekanao.

Zoezi la nyumbani: Ubawa ukielekea nje badala ya ndani, mikato itafumba au itapanuka? Kwa kiasi gani?