Kinachoula Upote wa Upinde

Ndugu wasomaji, na ninyi wazee wa shule mliotutangulia, wengi wenu mmekwisha sikia habari za upinde wetu uliokatika upote siku ya maonyesho ya sayansi. Tena mmesikia ya kuwa kosa lilikuwa la uzi. Maneno hayo niliyasema mimi, mbele ya watu. Nayaandika haya kwanza ili niyafute, na pili kwa sababu wenzetu wa Kidato cha Tano wameomba kuurithi upinde ule, nao wasipojua jambo hili upote wao hautamaliza juma.

Upinde wenyewe si ule wa kushikwa mkononi. Ni upinde wa kitako: mti wa upinde umekingamishwa juu ya gogo lililochongwa kama kitako cha bunduki, na upote (yaani uzi wa upinde) huvutwa nyuma juu ya mfereji mpaka ushikwe na kijino cha chuma. Ukibonyeza kifyatulio, kijino huuachilia. Wachina walikuwa na pinde za namna hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Wafang wa Gabon waliwinda nazo. Huko Ulaya, Mtaguso wa Pili wa Laterano wa mwaka 1139 ulikataza kuzitumia juu ya Wakristo. Sisi hapa Nyamitanga hatukuwa na vita wala mawindo. Tulitaka kupima nishati tu. Tulitundika mawe ya mizani katika upote, tukaona kilo 18 zinauvuta sentimita 25. Nishati yake ni juli 22 hivi, sawasawa na jiwe la kilo 1 lidondokalo kutoka kimo cha meta 2 na robo. Si nyingi, lakini zikimwangukia mtu atazijua.

Kitako nilikichonga mimi kwa mkalitusi, na mwenzangu akafunga mianzi kuwa mti wa upinde. Upote tuliusokota kwa uzi wa nailoni alionipa mjomba wangu, ambaye huvua samaki katika ziwa Nakivale. Siku ya maonyesho, kwa mshale wa tatu, upote ulikatika, na ncha yake ikamchapa kijana wa Kidato cha Kwanza shavuni, upana wa kidole kimoja chini ya jicho. Mwalimu akaufungia upinde kabatini. Nami, kwa hofu na haya, nikasema uzi ulikuwa umeoza.

Shuleni kwetu wamo watoto wengi wa Nakivale, kwa hiyo neno langu lilifika nyumbani kabla yangu. Nilipokwenda likizo nilimkuta mjomba ufukoni akishona wavu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, “Mjomba, uzi wenyewe umeuleta?” Nilikuwa nao mfukoni. Akaufumua, akaupitisha polepole juu ya ukucha wa kidole gumba.

“Huu haukuoza,” akasema. “Umeliwa. Tazama, manyoya yako upande mmoja tu, upande wa chini. Nyavu zangu hufa hivihivi pale zinaposugua ukingo wa mtumbwi. Nenda kauangalie mtumbwi wako.”

Basi muhula ulipofunguliwa nilimwomba mwalimu ufunguo wa kabati, nikauangalia mtumbwi wangu. Njia yake ni rahisi, na nawasihi Kidato cha Tano waifanye kabla ya kugusa uzi wo wote. Chukua kipande cha pamba, kipitishe taratibu kila mahali upote unapogusa: katika mfereji, juu ya kijino, na katika mikato ya ncha mbili za upinde. Pamba ikinaswa, hapo ndipo uzi unapoliwa. Kwangu ilinaswa mahali pengi hata nikaona aibu. Mfereji ulikuwa na vibanzi. Kijino kilikuwa kipande cha msumari nilichokikata kwa msumeno wa chuma bila kukipiga tupa, nacho kilikuwa kikali kama kisu. Mikato ya ncha niliichonga yenye pembe kali, kwa kuwa niliiona inapendeza hivyo! Yote hayo nikayapiga tupa na msasa mpaka pamba ikapita kama juu ya kioo, kisha nikausugua mfereji kwa mshumaa.

Baada ya hapo ndipo tulipotengeneza upote mpya. Ule wa kwanza ulikuwa na mafundo mawili, na fundo hupunguza nguvu ya uzi, aghalabu karibu nusu. Sasa tulipigilia misumari miwili ubaoni, tukazungusha uzi mwembamba wa poliesta, ule wa mafundi wa cherehani, mara nyingi mpaka ukawa mnene wa kutosha, ncha zake zikawa vitanzi pasipo fundo la kubeba mzigo. Poliesta hainyweshi maji wala kunyumbuka kama nailoni. Palipo na kijino na penye vitanzi tuliuzonga kwa uzi mwingine, ili ule wa juu uliwe badala ya ule wa ndani. Mzongo ukichakaa utauondoa na kuzonga upya, na upote wenyewe utabaki mzima.

Sehemu zisizozongwa tunazipaka nta ya nyuki, tukizisugua kwa vidole mpaka nta ipate joto na kuingia ndani. Hiyo huzishikamanisha nyuzi na kuzuia maji. Lakini katika mzongo wa kati usiipake nyingi, maana hunasa vumbi, na vumbi la Mbarara wakati wa kiangazi ni msasa mtupu. Tena uvute upote kwa mikono miwili sawasawa. Tumetia alama za wino pande zote mbili ili tuone kama umekaa katikati. Ukimaliza kazi usiuache umevutwa, wala usiuweke dirishani penye jua.

Limebaki moja, ambalo hata mjomba sikumweleza. Asubuhi ya maonyesho niliufyatua upinde ule bila mshale, labda mara kumi, ili wadogo wausikie mlio wake. Mshale ukiwapo hubeba sehemu kubwa ya zile juli 22 na kwenda nazo. Usipokuwapo, zote hurudi katika upote na mti wa upinde. Uzi uliokwisha liwa nusu ungestahimili vipi? Mwalimu nimekwisha mwambia, na yule kijana pia.

Upote wa sasa umetupa mishale 140, na mzongo wa kati tumeubadili mara moja. Anayehesabu ni kijana yuleyule mwenye alama shavuni. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe, naye husimama nyuma ya ubao. Ule uzi wa kwanza niliurudisha Nakivale likizo iliyopita. Mjomba alikata sehemu iliyoliwa, na iliyobaki akafungia kafi lake.