Mteja Awe Mmiliki: Mbinu za Mbunifu wa Tovuti Anayejitegemea

Anayetaka kujiajiri kwa kutengeneza tovuti anahitaji kuaminika kabla ya kuhitaji cheti au ofisi. Mwenye nyumba ya wageni Paje, mwenye shule ya chekechea Mwanza au muuza vipuri wa Nakuru hasomi msimbo wako, kwa hiyo hana namna ya kuupima ustadi wako kwa macho. Atakachouliza ni watu gani umewahi kuwafanyia kazi, na kama tovuti zao bado zinafunguka.

Kwanza jifunze misingi: HTML, CSS, halafu JavaScript, kwa mpangilio huo. Ukurasa wa kwanza wa wavuti, aliouweka wazi kwa umma Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1991, uliandikwa kwa HTML tupu, na vivinjari vya leo bado vinausoma. Zana hupita, lakini misingi hiyo imedumu. Vijana wengi huingilia mlango wa WordPress kwa sababu unaleta fedha mapema, na sina ugomvi nao. Zaidi ya theluthi ya tovuti zote duniani zinaendeshwa kwa WordPress. Ila siku plagini mbili zitakapogombana na ukurasa wa mteja kugeuka mweupe, asiyejua misingi atabaki kubofya tu. Masomo mazuri yapo bure: freeCodeCamp kwa mazoezi, MDN kwa marejeo. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza, hivyo tafuta mwenzako msome pamoja, kila mmoja amweleze mwenziwe kwa Kiswahili alichokielewa.

Usiifiche kazi uliyotoka nayo. Aliyefanya kazi katika duka la uchapaji anajua fonti, nafasi na rangi, na ameshazoea mteja anayetaka kadi za harusi kesho asubuhi. Aliyekuwa karani wa hesabu anaelewa ankara na stakabadhi, kwa hiyo tovuti ya duka haitampa taabu. Mwalimu anajua kueleza. Ukiandika ukurasa wako wa kujitambulisha, sema wazi ulitoka wapi na hiyo inamsaidiaje mteja. Ukurasa uliojaa majina ya programu ishirini haumwambii mwenye shule kitu chochote.

Kazi za kuonyesha zisiwe za kubuni tu. Chagua biashara moja halisi ya mtaani kwako, mtengenezee mmiliki wake kurasa chache kwa bei nafuu mliyokubaliana, uzifanye vizuri kupita kiasi. Kisha eleza kwa aya moja alikuwa na shida gani na wewe ulifanya nini. Kazi tatu za namna hiyo zinatosha kuanzia.

Hapa ndipo mbunifu wa kwetu anapoweza kumshinda yeyote wa mbali, maana violezo vingi vinavyouzwa mtandaoni vilitengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Fomu inamlazimisha mkazi wa Tandika ajaze jimbo na namba ya posta ya Marekani. Ibadilishe iulize mkoa, wilaya na mtaa. Sehemu ya simu ikubali namba inayoanza na 0 na ile inayoanza na 255 bila kumgombeza mtu. Saa za kufungua kwenye ukurasa wa Kiswahili ziandikwe kama watu wanavyozisema: saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Ndani ya msimbo, taja kuwa lugha ya ukurasa ni Kiswahili kwa kuandika lang="sw"; bila hivyo programu inayomsomea asiyeona inaweza kutamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, asiambulie kitu.

Tena, fikiria bando. Wageni wengi wa tovuti yako watakuja kwa simu, na wengine kwa simu ya bei ya chini. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huwa na megabaiti kadhaa. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1200 hivi, ihifadhi kwa mfumo wa WebP, mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 200 na jicho lisione tofauti. Tangu Ethan Marcotte alipoeleza mwaka 2010 namna ya kutengeneza ukurasa unaojipanga kulingana na ukubwa wa kioo, hakuna udhuru wa tovuti inayomlazimu mtu avute ukurasa kushoto na kulia. Usiishie kuijaribu kwenye kompyuta yako. Azima simu ya zamani, zima Wi-Fi, uifungue ukiwa kituoni.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote katika kazi hii. Wabunifu wengi husajili kikoa cha mteja, yaani ile anwani ya tovuti, kwa jina lao wenyewe. Wengine hufanya hivyo kwa haraka tu, wengine kwa makusudi, ili mteja asiweze kuondoka. Kisha mbunifu hubadilisha namba ya simu au hupata ajira na kusahau, ada ya mwaka hailipwi, kikoa kinakwisha muda. Mwenye biashara anapoteza tovuti, barua pepe na jina alilolichapisha kwenye mabango na magari, na hana hati ya kuthibitisha kuwa lilikuwa lake. Huko ni kumdhulumu mtu aliyekulipa.

Ukinunua kikoa cha .co.tz au .co.ke kwa msajili aliyeidhinishwa, jaza jina la mteja kama mmiliki, pamoja na barua pepe yake anayoifungua mwenyewe. Seva ya kuhifadhia tovuti nayo iwe kwa akaunti yake. Wewe upewe ruhusa ya kuingia. Siku ya kukabidhi, mpe waraka mmoja: majina ya akaunti, tarehe za kulipia, na mahali nakala rudufu zilipo. Manenosiri mpe kwa njia salama, na umwelekeze kuyabadilisha. Kama fomu za tovuti zinakusanya majina na namba za watu, mkumbushe kuwa Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022.

Mkataba uandikwe hata kama mteja ni binamu yako. Utaje idadi ya kurasa, nani ataleta maandishi na picha, marekebisho yatafanyika mara ngapi, na malipo kwa awamu: nusu kabla ya kuanza, iliyobaki kabla tovuti haijapanda hewani. Kazi nyingi hukwama kwa sababu mteja hakuleta maandishi, hivyo weka tarehe. Ukiwa Tanzania, sajili mapema jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, na uchukue namba ya mlipakodi, TIN, kwani taasisi na mashirika mengi hayatakulipa bila hivyo.

Kipato cha kudumu kitatoka kwenye matunzo: ada ndogo ya kila mwezi ya kusasisha programu, kuhifadhi nakala na kubadilisha bei au picha. Hapo ndipo mteja aliye huru kuondoka anapoamua kubaki, na anapolitaja jina lako kwa mwenye duka la jirani. Baada ya muda utaona umeizoea sekta fulani, labda utalii au shule. Izamie, upandishe bei.

Kama umeshaanza kazi hii, wiki hii pitia vikoa vyote ulivyowahi kusajili. Ukikuta cha mteja kiko kwa jina lako, mpigie simu, umkabidhi mali yake.