Bangi si Zao la Kujaribu: Somo kwa Familia



Somo la mwezi huu linahusu mmea ambao vijana wetu wanausikia ukisifiwa vijiweni na kwenye simu zao, nao ni bangi. Wapo wanaouliza, mara nyingi kwa siri, jinsi ya kuanza kuilima. Husema ni jani tu kama majani mengine, ni dawa, ina bei kuliko kahawa, na huko Canada imeruhusiwa. Mzazi akisikia hayo hufoka. Lakini kufoka si jibu. Tuyapime maneno hayo moja moja, ili baba na mama wawe na la kumwambia kijana.

1. BANGI NI NINI?

Jina lenyewe lina asili ya India, nao mmea una historia ndefu katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Ni mmea wa msimu mmoja, wenye majani yaliyochanuka kama vidole, na kila kidole kina meno kama msumeno. Ndani yake mna kemikali nyingi. Ile inayolevya huitwa kwa kifupi THC, nayo hupatikana kwa wingi zaidi katika maua ya mmea jike.

2. INAFANYA NINI MWILINI?

Moshi ukivutwa, THC hufika kwenye ubongo kwa dakika chache. Macho huwa mekundu, moyo hupiga mbio, njaa huja, na mtu hucheka ovyo au huingiwa na hofu. Kumbukumbu hupungua na saa huonekana kwenda polepole. Kwa hiyo anayeendesha bodaboda akiwa amevuta hawezi kupima vizuri mwendo wala umbali. Kwenye barabara zetu zenye kona na miteremko, hilo ni hatari kwake, kwa abiria wake na kwa watoto wanaotoka shule.

Ikitiwa katika chakula au chai, hukawia hata saa moja au mbili kabla ya kulevya. Mtu hudhani haijafanya kazi, akaongeza, kisha akazidiwa. Moshi wake nao una lami na sumu, kama ulivyo moshi wa sigara, na huleta kikohozi kisichokoma. Mama mjamzito asiiguse, kwa kuwa hupita kwenda kwa mtoto tumboni na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Anayenyonyesha pia ajiepushe.

3. KWA NINI KIJANA HUUMIA ZAIDI?

Ubongo wa binadamu haukomai siku ya Kipaimara wala siku ya kumaliza kidato cha nne. Huendelea kujengeka hadi umri wa miaka 25 hivi. Sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kupanga mambo, kujizuia na kupima hatari. Anayeanza bangi akiwa na miaka 14 au 15 anaiingiza katika nyumba ambayo fundi bado anapaua.

Watafiti hukadiria kwamba walau mtu mmoja kati ya kila 10 wanaovuta bangi hushindwa kuiacha. Kwa walioanza ujanani, hukadiriwa kuwa mmoja kati ya 6.

Liko pia suala la ugonjwa wa akili. Tuseme ukweli: si kila anayevuta bangi huwa mgonjwa wa akili, na si kila mgonjwa wa akili alivuta bangi. Tusimnyoshee kidole kila mgonjwa. Lakini anayevuta kila siku, anayetumia bangi kali, na hasa anayetoka katika ukoo wenye ugonjwa huo, hatari yake ni kubwa zaidi. Wala hakuna kipimo cha kumwambia kijana mapema kama yeye ni mmoja wao.

4. "LAKINI NI DAWA"

Ni kweli kwamba zipo dawa zilizotengenezwa kutokana na kemikali za mmea huu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha moja kwa ajili ya aina fulani za kifafa kikali cha watoto. Dawa hiyo haina ulevi wa bangi, imepimwa, kipimo chake kinajulikana, na daktari humfuatilia mgonjwa. Msokoto wa kijiweni haujapimwa na yeyote. Hata kwinini hutoka katika gamba la mti, lakini hakuna anayemtibu mwanawe malaria kwa kubugia magamba bila kipimo.

Na Canada? Ni kweli, tangu mwaka 2018 watu wazima huko wameruhusiwa. Lakini huko kwenyewe ni marufuku kumuuzia mtoto, na madaktari wao wanawaonya vijana kama tunavyoonya hapa. Kuruhusiwa na sheria hakuondoi madhara. Pombe nayo imeruhusiwa, na sote tunajua imebomoa nyumba ngapi.

5. SHERIA NA KIHAMBA

Hapa Tanzania hali ni tofauti. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2017, inakataza kuilima, kuwa nayo, kuisafirisha na kuiuza. Wapo wakulima waliohukumiwa kifungo cha miaka 30. Kijana wa miaka 20 akifungwa hivyo, atatoka na mvi, na wazazi wake huenda wasiwepo kumpokea.

Mamlaka inayosimamia sheria hiyo imeteketeza mashamba huko Arumeru, jirani zetu, na Tarime mkoani Mara. Wengine huichanganya na mahindi wakidhani haitaonekana. Wengine huomba kukodi kipande cha shamba bila kusema wanataka kupanda nini. Mzee mwenye shamba, uliza. Anayejua kinacholimwa katika ardhi yake na akaruhusu, naye anajiweka katika hatari ya kushtakiwa. Kihamba ulichorithi kwa babu yako usikiweke rehani kwa miche michache nyuma ya migomba.

Kanisa nalo linafundisha waziwazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inasema kwamba matumizi ya dawa za kulevya nje ya tiba yanaharibu vibaya afya na uhai, na kwamba kuzitengeneza kwa siri na kuzifanyia biashara ni kushiriki uovu. Anayelima huku yeye mwenyewe havuti, asidhani mikono yake ni safi. Kuna mtoto wa mwenzake mwisho wa safari ya gunia lile.

6. DALILI ZA KUANGALIA

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Zikija kadhaa pamoja, usizipuuze:
- kuacha shule au kazi aliyoipenda, na kubadili marafiki ghafla;
- macho mekundu mara kwa mara na harufu nzito katika nguo;
- fedha au vitu kupotea nyumbani;
- kulala mchana na kukesha usiku;
- kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuongea peke yake, kudhani kuwa anafuatwa au anawekewa sumu.

Hizo za mwisho ni za haraka. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

7. FAMILIA IFANYE NINI?

Kwanza, zungumza mapema, wakati wa utulivu. Usimsubiri mlangoni usiku na fimbo. Mzazi anaweza kusema, "Mwanangu, nimekuona hulali na huli pamoja nasi. Sikuiti kukuhukumu. Niambie kinachokusumbua." Kisha nyamaza usikilize. Kijana akijibu, "Mama, nilijaribu tu," mshukuru kwa kusema kweli, ndipo umweleze madhara.

Pili, jitazame mwenyewe. Baba anayerudi kila jioni amelewa mbege au gongo atapata wapi sauti ya kumkataza mwanawe?

Tatu, msimfiche mgonjwa. Hili ndilo kubwa kuliko yote katika somo hili. Familia nyingi huona aibu. Kijana hufungiwa chumbani, huzungushwa kwa waganga, husemwa amerogwa, na miezi hupita. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa wa akili unaotibiwa mapema hupona au hutulia vizuri zaidi kuliko uliocheleweshwa. Anzeni na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, nao watawaelekeza Mawenzi au KCMC. Sala na matibabu havigombani. Mwombeeni, mwiteni padre, na dawa alizopewa azinywe.

Nne, mvumilieni anayeacha. Wiki ya kwanza na ya pili atakuwa na hasira, atakosa usingizi, atatoka jasho na hatapenda chakula. Hali hiyo hupita. Dawa ya methadone mnayoisikia ni ya walioathirika na heroini, si ya bangi. Anayeacha bangi husaidiwa na ushauri nasaha, kazi ya mikono, na watu wasiomcheka.

8. KIJANA ANAYETAKA KULIMA

Wakati mwingine nyuma ya swali la bangi kuna swali jingine: nitapata wapi fedha? Hilo ni swali la haki. Bei ya kahawa ilipoanguka duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kaya nyingi za mlimani zilikata tamaa na mibuni. Kijana aliyeambiwa tu "usilime bangi", bila kupewa hata pembe ya shamba, ameambiwa nusu ya neno.

Mpe sehemu yake. Aanze na mnafu, mchicha na karoti, ambazo hazichukui muda mrefu na huuzwa sokoni huku nyumbani zikiliwa. Wenzetu wa Same wanajulikana kwa tangawizi, na Siha kuna parachichi zinazosafirishwa nje ya nchi. Amwone ofisa ugani wa kata kuhusu mbegu na udongo. Faida itakuja polepole, lakini ataivuna mchana, mbele ya majirani, na usiku atalala.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu kuna familia inayomficha mgonjwa kwa sababu ya aibu? Tutaisaidiaje bila kuisengenya?
2. Sisi wazazi tunatoa mfano gani kuhusu ulevi?
3. Ni kijana gani asiye na kazi tunayeweza kumpa kipande cha shamba, mbegu au jembe mwezi huu?

Jumuiya itakayojibu swali la tatu kwa vitendo itakuwa imelielewa somo zima.