Mgongo na Maumivu

Pitisha kidole katikati ya mgongo wa mwenzako: utagusa vifundo. Ni mifupa midogo iliyopangwa kama shanga. Uzi wake ni ugwe wa mgongo, mnene kama kidole kidogo. Humo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu. Mwiba ukichoma mguu, habari hupanda humo mpaka ubongoni.

Wako wagonjwa ambao maumivu yao hayakomi, hata usiku. Mwaka 1967, huko Cleveland, Marekani, mganga Norman Shealy alimwekea mmoja wao waya wa umeme mgongoni. Kwa nini mgongoni? Upande wa nyuma wa ugwe hupita njia za kuguswa. Umeme kidogo huziamsha, nazo hupunguza maumivu, kama mtoto aliyejikwaa anavyosugua goti lake akaona nafuu. Ugonjwa wenyewe hauponi. Lakini wengine hupata usingizi.