MAMBO YA KUFIKIRIWA KABLA YA KUFUGA SIMBILISI

Mkulima mwenye shamba dogo, lisilotosha kulisha ng'ombe wala mbuzi, aghalabu huvutwa na simbilisi. Mnyama huyu ni mdogo, hula majani, huzaa upesi, hana ukali, na watoto wa nyumbani humpenda mara wamwonapo. Tena bei yake si kubwa. Kwa hiyo watu wengi humnunua sokoni asubuhi na kumfikisha nyumbani jioni ndani ya kikapu, bila ya kufikiri kwanza atalala wapi, na atakula nini mwezi wa Septemba majani yatakapokuwa yamekauka. Maneno haya yaandikwa kwa ajili ya mtu huyo, ayasome kabla hajatoa fedha zake.

Asili ya simbilisi si Afrika. Wametoka katika milima ya Andes, katika nchi za Peru, Bolivia na Ekuado, ambako watu wamewafuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Wahispania waliwachukua mpaka Ulaya katika karne ya 16, na huko wakawa wanyama wa kupendeza nyumba na kuchezewa na watoto. Waingereza humwita nguruwe wa Gini, nalo ni jina la ajabu, maana si nguruwe wala hakutoka Gini. Katika nchi zetu hufugwa sehemu za Iringa na Njombe, na pia huko Kivu, katika Kongo, ambako huitwa dende. Yafaa kuikumbuka asili hiyo ya milimani, kwa kuwa yaeleza mengi: mnyama huyu apenda hewa ya baridi kidogo, iliyo kavu, naye hushindwa upesi na joto.

WAMTAKIA NINI?

Jambo la kwanza la kuamua ni kama wamtaka simbilisi kwa nyama, au kwa kuuza, au awe rafiki wa watoto tu. Usilidharau swali hili. Mtoto akikabidhiwa simbilisi humpa jina, humkatia majani kila jioni, humjua kwa sauti yake. Kisha siku moja wageni wafika, na mtoto amkuta rafiki yake chunguni. Uchungu huo haumo katika hesabu ya fedha, lakini upo, na mtoto aliyeupata mara moja hatakata majani tena kwa moyo mweupe. Ni afadhali kumwambia tangu siku ya kwanza ni wanyama gani ni wa kuliwa, na kumtengea wawili walio wake kabisa, wasioguswa na kisu. Ukisha kuahidi hivyo, usiivunje ahadi hata mgeni akiwa mkubwa namna gani.

Fikiri pia juu ya miaka. Simbilisi atunzwaye vizuri huishi miaka 5 mpaka 8. Mtoto aliye darasa la tatu leo huenda akawa amekwisha kuingia sekondari, pengine shule ya kulala huko huko, na mnyama bado yu hai akipiga miluzi kila asikiapo panga likikata majani. Nani atamlisha siku hizo? Kwa kawaida jibu ni mama, ambaye tayari ana kuni, maji na jembe. Basi aulizwe yeye kwanza, kabla ya mnyama kununuliwa.

Usinunue mmoja peke yake. Simbilisi ni mnyama wa kuishi pamoja na wenzake. Akiwa pekee hunyong'onyea na kupoteza hamu ya kula. Kwa mtu asiyetaka wazaliane, majike wawili ndio wafaao. Madume wawili waliolelewa pamoja huweza kupatana, lakini wakisikia harufu ya jike hupigana mpaka damu. Na sungura asifanywe mwenzi wa simbilisi. Sungura huweza kumpiga teke akamvunja mbavu, tena hubeba vijidudu vya mapafu ambavyo yeye mwenyewe havimdhuru, bali humwua simbilisi.

JINSI WANAVYOONGEZEKA

Hapa ndipo wengi hushtukia. Jike huchukua mimba siku 68 hivi, huzaa watoto 2 au 3, pengine 4, nao huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yamefunguka, na baada ya siku chache tu huanza kutafuna majani. Saa chache baada ya kuzaa, jike huweza kupandwa tena. Mtoto wa kike huweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki 5 au 6, yaani yeye mwenyewe bado ni mtoto. Kwa sababu hiyo watoto wa kiume watengwe wafikapo siku 21, wasipande dada zao na mama yao.

Chukua mfano wa mtu aliyenunua dume mmoja na majike wawili. Kila jike akizaa mara 4 kwa mwaka, watoto 2 au 3 kila mara, mwaka ukiisha watoto ni kama 20, bila ya kuhesabu wajukuu. Kwa mwenye kufuga kwa nyama hiyo ni neema. Kwa aliyetaka kumfurahisha mtoto tu ni taabu, hasa ikiwa muuzaji alimwapia ya kuwa wote ni majike. Usimtegemee muuzaji. Mgeuze mnyama taratibu utazame mwenyewe: dume, ukibonyeza polepole juu kidogo ya tundu lake, uume hujitokeza, jike hana kitu cha kujitokeza, bali ana mfano wa panda ya mti.

Jambo moja zaidi kwa mwenye kutaka kuzalisha. Jike azae mara ya kwanza kabla hajapita umri wa miezi 7. Akichelewa, mifupa ya nyonga hushikana na kuwa migumu, na siku ya kuzaa huenda akafa pamoja na watoto wake. Kwa hiyo jike mtu mzima ambaye hajazaa kamwe asipelekwe kwa dume.

CHAKULA, HASA WAKATI WA KIANGAZI

Simbilisi mzima hula majani mabichi kadiri ya gramu 200 mpaka 300 kwa siku. Ni kidogo, mtu atasema. Lakini wakiwa 20, kwa gramu 250 kila mmoja, ni kilo 5 kwa siku, na kilo 150 kwa mwezi. Wakati wa masika mtoto huweza kuzikusanya kando ya njia kabla ya kwenda shule. Wakati wa kiangazi ataanza kukata majani katika shamba la jirani, na hapo ugomvi utaingia.

Tena si wingi tu. Simbilisi hafanani na mbuzi wala sungura katika jambo moja kubwa: mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama vile mwili wa mtu usivyoweza. Akiikosa huugua kiseyeye, ugonjwa ule ule uliowaua mabaharia wa zamani. Jambo hili lilijulikana mwaka 1907 katika nchi ya Norwe, wataalamu Axel Holst na Theodor Frølich walipowalisha simbilisi nafaka tupu, wakaona wakiugua kiseyeye kama watu. Dalili zake ni hizi: mnyama hataki kutembea, viungo vya miguu vimevimba, hulia ukimshika, manyoya yamepoteza mng'ao, fizi zatoka damu. Wafugaji wengi huona hayo mwezi wa Septemba au Oktoba, wakasema wanyama wamerogwa au wamepata baridi. Sababu ni majani makavu. Nyasi mbichi zina vitamini hiyo. Nyasi zilizokaushwa karibu hazina kabisa. Pumba na makombo ya ugali hayana.

Mzima ahitaji miligramu 10 hivi kwa siku, na jike mwenye mimba yapata 30. Kipande cha pera kadiri ya kidole gumba chatosha. Pasipo mapera, mpe majani mabichi ya mlonge, au pilipili hoho, au kipande cha chungwa. Mwenye vinyungu bondeni ana bahati: apande tuta moja au mawili ya viazi vitamu kwa ajili ya wanyama tu, maana matembele huwa mabichi wakati milima yote imekuwa ya rangi ya udongo. Yule asiye na bonde, wala mti wa matunda, wala maji ya kumwagilia, twamshauri asinunue simbilisi mpaka apande kwanza mabingobingo na mlonge, akaona vimeshika.

Hata hivyo nyasi kavu zisikosekane bandani. Meno ya simbilisi hukua maisha yake yote, na ni nyasi ngumu zinazoyasaga. Zikate mapema, kabla hazijawa kama vijiti, uzianike kivulini. Zilizoota ukungu zitupwe. Majani yaliyorundikwa mpaka yakapata moto yasitiwe bandani, kwa kuwa hujaza tumbo upepo na mnyama hufa usiku uo huo. Usimpe majani ya viazi mviringo, wala ya mparachichi, wala ya mbono, wala kisamvu kibichi, wala mtama mchanga. Yote hayo yana sumu. Ukiona simbilisi anakula mavi yake laini usishangae wala usimzuie, kwani ndiyo desturi yake, na humpa nguvu ambayo tumbo halikuipata mara ya kwanza.

Wapo wasemao simbilisi hanywi maji. Kweli, akila majani yenye umande hunywa kidogo sana. Kiangazi huhitaji karibu nusu ya kikombe cha chai kila siku, katika chombo kizito kisichopinduka.

MAHALI PA KUKAA

Watu wengi huwaachia simbilisi sakafu ya jikoni. Pana joto na hapana gharama, lakini moshi huwadhuru mapafu, watoto wao hukanyagwa, panya huwala usiku, na viroboto wao huwa viroboto wa nyumba. Katika milima ya Peru, ambako desturi hii ni ya zamani sana, tauni imepata kuenea kwa watu kutoka kwa viroboto wa simbilisi wafugwao majumbani. Basi wajengewe kibanda chao. Kwa wawili yatosha sanduku la urefu wa sentimeta 120 na upana wa 60, lenye sakafu ya mbao au ya udongo uliopigwa vizuri, si ya waya, maana waya huwatoa vidonda nyayoni. Simbilisi hapandi ukuta. Kifuniko ni kwa ajili ya paka, nyoka na kicheche. Tandika nyasi kavu, uziondoe kila zikilowa, na uzipeleke bustanini, kwa sababu samadi yao ni njema kwa mboga.

Wakaao pwani na mabondeni wafikiri mara mbili. Joto likipita digrii 30 simbilisi huhema, hulala ubavu, na jike mwenye mimba hufa kwanza. Paezeke kwa makuti au nyasi, chini ya mti. Bati tupu ni tanuri.

UGONJWA NA DAWA

Simbilisi asiyekula kwa siku moja ni mgonjwa sana, usingoje kesho. Mpeleke kwa bwana mifugo. Na hili ulishike: usimpe vidonge ulivyobakiza wewe mwenyewe. Penisilini, ampisilini na amoksilini, ambazo kwa mtu ni dawa njema, kwa simbilisi ni sumu, kwa kuwa huua vijidudu vizuri vya tumboni ambavyo bila hivyo hawezi kusaga chakula. Mtu hudhani ameuawa na ugonjwa, kumbe ameuawa na dawa.

Mashilingi na utitiri wa simbilisi huweza kumpata mtoto amshikaye. Manyoya yakinyonyoka kwa duara, au akijikuna mpaka damu, mtenge, na watoto wanawe mikono kwa sabuni. Wafundishwe pia kumshika: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya matako, nao wawe wameketi chini. Simbilisi akianguka kutoka kifuani mwa mtoto aliyesimama huvunjika mgongo.

SIKU YA KUNUNUA

Nenda asubuhi, kabla hawajachoshwa na jua. Chagua mwenye macho makavu na maangavu, pua isiyotoka kamasi, manyoya mazima, na matako yasiyochafuka kwa kuhara. Mtie sakafuni umwone akikimbia, asiyekimbia mwache. Uliza amezoea kula nini, ununue na majani hayo, kisha umbadilishe chakula polepole kwa muda wa wiki moja. Ikiwa nyumbani una wengine, mgeni akae mbali nao majuma mawili, na alishwe wa mwisho kila siku, baada ya wenyeji.