Sayansi Katika Bekari ya Kichina: Mkate Laini kwa Bei Ndogo

Utangulizi

Katika mtaa wa Sham Shui Po, Hong Kong, wanakoishi watu wengi wa kipato kidogo, bekari ni miongoni mwa maduka yenye wateja tangu asubuhi na mapema. Mnunuzi huchukua sinia na koleo, akapita mbele ya rafu na kujichagulia mwenyewe: mkate mtamu wenye gamba la manjano, mkate wenye nyama ndani, kibakuli cha maandazi kilichojaa yai na maziwa, skonzi yenye nazi. Bei ya kila kimoja ni ndogo, na kwa watu wengi waendao kazini hicho ndicho chakula cha asubuhi.

Ukiingia nyuma ya duka huoni vitu adimu. Utakuta unga wa ngano, maji, sukari, mafuta, mayai, maziwa na hamira. Yawezekanaje basi vitu hivyo vichache kutoa aina nyingi hivyo, tena kwa bei ambayo kila mtu aimudu? Katika makala haya tutapita rafu moja baada ya nyingine na kutafuta jibu. Tutaona kwamba mwoka mikate huyu hupunguza gharama kwa kuzijua tabia za vitu alivyo navyo, na kwa kutotupa kitu kinachoweza kutumika.

Yafaa ikumbukwe kwamba ngano si ngeni kwa Wachina. Watu wa kaskazini mwa nchi hiyo wameila kwa zaidi ya miaka elfu mbili, lakini kwa kawaida mikate yao hupikwa kwa mvuke. Mikate ya tanuri ya namna ya Ulaya ilienea kupitia miji ya bandari. Hong Kong ilikuwa chini ya Uingereza kuanzia karne ya 19 hadi mwaka 1997, na humo waokaji Wachina waliichukua mikate hiyo, wakaitengeneza upya kwa ladha na mifuko ya watu wao.

Gesi ndani ya mkate

Tuanze na kile kinachofanya mkate uwe mkate, yaani kuumuka. Hamira ni viumbe hai vidogo sana vya jamii ya kuvu, viitwavyo kwa jina la kisayansi Saccharomyces cerevisiae. Vikipata unyevu, sukari na joto la wastani, hugeuza sukari kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Kwa mlinganyo huu, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 88 za kaboni dioksidi. Kwa hiyo gramu moja ya glukosi hutoa karibu nusu gramu ya gesi, ambayo katika halijoto ya nyuzi 27 za Sentigredi hujaza zaidi ya robo lita. Hebu fikiri: donge la mkate mdogo lenye uzito wa gramu 60 lina ujazo wa takriban mililita 50 tu kabla ya kuumuka. Gramu moja ya sukari yatosha kuzalisha gesi iliyo mara tano ya ujazo huo! Hewa haina bei, na mwokaji anajua namna ya kuifunga ndani ya unga.

Lakini gesi hiyo ingetoroka yote kama pasingekuwa na kitu cha kuizuia. Kazi hiyo hufanywa na glutini, ambayo ni protini za ngano zinazoungana na kuwa utando unaonyumbuka pale unga unapolowa na kukandwa. Mwanasayansi Mwitalia Jacopo Beccari alionyesha katika karne ya 18 kwamba ukiosha donge la unga wa ngano katika maji, wanga hutoka na hubaki kitu chenye kunata na kuvutika. Unga wa mahindi na wa mtama hauna glutini ya namna hii. Ndiyo sababu hauumuki vivyo hivyo hata ukitiwa hamira.

Donge likiingia tanurini, gesi hutanuka. Kutoka nyuzi 27 hadi 97, yaani kutoka Kelvin 300 hadi 370, ujazo wa gesi ileile huongezeka kwa karibu asilimia 23. Maji nayo hugeuka mvuke na kuzidi kuusukuma mkate juu. Hamira hufa katika nyuzi 55 hadi 60 hivi, na baadaye protini na wanga hukakamaa na kuyashika matundu yale yasiporomoke.

Uji ndani ya mkate

Mikate ya bekari hizi husifiwa kwa ulaini wake, na ulaini huo hudumu hata siku ya pili. Mojawapo ya njia zitumiwazo huitwa kwa Kichina tangzhong. Mwokaji huchukua sehemu moja ya unga na sehemu tano za maji kwa uzito, akapasha moto huku akikoroga mpaka nyuzi 65 hivi. Mchanganyiko ukiisha kuwa mzito huachwa upoe, kisha hukandwa pamoja na unga uliobaki. Wajapani wana njia iliyo karibu na hiyo, na kitabu alichokitoa Yvonne Chen wa Taiwan mwaka 2007 kiliieneza sana njia ya tangzhong.

Msomaji aliyewahi kukoroga uji amekwisha kuiona sayansi yake. Unga ukitiwa katika maji baridi huzama chini, na maji hubaki mepesi. Punje za wanga katika hali hiyo hunywa maji kidogo tu. Zikipata joto, muungano wa molekuli zake hulegea. Punje huvimba, hunywa maji mara kadhaa ya uzito wake, na uji hushikana. Mwokaji anayetia uji huo katika donge anaingiza maji mengi bila donge kuwa tope. Maji hayo ndiyo yanayoufanya mkate kuwa laini. Tena maji ni rahisi kuliko siagi na mayai, ambayo ni njia nyingine za kulainisha mkate.

Gamba lililopasuka

Mkate maarufu kuliko yote huitwa bolo bao, maana yake mkate wa nanasi. Hata hivyo hauna nanasi hata kidogo! Umepewa jina hilo kwa sababu gamba lake la juu hupasuka vipande vipande na kufanana na ganda la tunda hilo. Mwaka 2014 ufundi wa kuutengeneza uliingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa Hong Kong.

Gamba hilo hutengenezwa kwa unga, sukari nyingi, mafuta na yai. Sukari hushika maji na mafuta hufunika chembe za unga, kwa hiyo glutini haipati nafasi ya kuungana. Donge la chini lina utando unaonyumbuka. Gamba la juu halina. Tanurini mkate hupanuka, gamba hukauka na kukakamaa, na kwa kuwa haliwezi kuvutika, hupasuka. Hapa twaona unga uleule mmoja ukitoa vitu viwili vyenye tabia zinazopingana.

Katika gamba hilo waokaji wengi hutia kidogo amoniamu bikaboneti. Ikipata joto huvunjika hivi:

NH4HCO3 → NH3 + CO2 + H2O

Vitu vyote vitatu hutoka kama gesi au mvuke, wala hakibaki kitu chenye uchungu. Magadi soda ya jikoni, yaani sodiamu bikaboneti, huacha sodiamu kaboneti ambayo ikizidi huharibu ladha. Lakini amonia ina harufu kali, na katika mkate mnene wenye unyevu hunaswa isitoke. Kwa sababu hiyo hufaa zaidi katika vitu vyembamba vikavu, kama magamba na biskuti.

Tanuri na mvuke

Mkate wenye nyama ya nguruwe iliyochomwa, uitwao char siu bao, hupatikana kwa namna mbili. Uliookwa una rangi ya kahawia inayong'aa. Uliopikwa kwa mvuke ni mweupe kama pamba. Tofauti hiyo inatokana na halijoto. Mvuke wa sufuria ya kawaida hauzidi nyuzi 100 hivi, na uso wa mkate hubaki na unyevu. Katika tanuri uso hukauka na kupata joto zaidi ya hapo. Inapofika karibu nyuzi 140, sukari na sehemu za protini huungana kwa kasi na kutoa rangi ya kahawia na harufu nzuri. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza badiliko hili mwaka 1912, nalo limepewa jina lake. Mwokaji hulisaidia kwa kupaka yai juu ya mkate kabla ya kuuoka. Ndani ya mkate, mahali penye maji, halijoto haivuki 100. Kwa hiyo nyama ya mkate hubaki nyeupe.

Hesabu ya matabaka

Kibakuli chenye yai, daan taat, hutengenezwa kwa maandazi ya namna mbili. Namna moja huvunjika kama biskuti. Nyingine ina matabaka membamba. Kwa hii ya pili, mwokaji hufunika mafuta kwa donge, akalisukuma liwe bapa, akalikunja mara tatu. Akirudia kukunja hivyo mara nne, matabaka ya mafuta huwa 3 × 3 × 3 × 3, yaani 81. Tanurini maji ya donge hugeuka mvuke, na mafuta huzuia matabaka yasishikamane. Hapa hapana hamira wala bikaboneti: maji peke yake ndiyo yameinua andazi.

Mkate wa jana

Tumefika rafu yenye somo kubwa kuliko yote. Adui wa bekari ya bei nafuu ni mkate usiouzwa. Faida ya kila mkate ni ndogo, hivyo sinia moja inayobaki jioni yaweza kumeza faida ya masinia kadhaa. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 waokaji wa Hong Kong waliichukua mikate iliyobaki, wakaisaga, wakaichanganya na sukari, mafuta na nazi, na kuitia ndani ya donge jipya. Ndivyo ulivyozaliwa mkate uitwao gai mei bao, maana yake mkate wa mkia wa kuku. Jina hilo ni tafsiri ya neno la Kiingereza litajalo vinywaji vilivyochanganywa pamoja. Leo kijazio hicho hutengenezwa kwa vitu vipya, na watu huununua mkate huo kwa kuupenda.

Je, mkate wa jana una kasoro gani? Wengi husema kwamba umekauka. Mwaka 1852 Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate huwa mgumu hata ukizuiwa usipoteze maji, na kwamba ukipashwa moto tena hurudia ulaini. Sababu yake ni kwamba molekuli za wanga, zilizolegea wakati wa kuoka, hujipanga upya na kushikana kadiri siku zinavyopita. Joto huzilegeza tena. Badiliko hili huenda upesi zaidi katika baridi ya jokofu kuliko kabatini. Lakini katika barafu kali husimama karibu kabisa.

Ni lazima kutofautisha mkate mgumu na mkate ulioota ukungu. Wa kwanza ni chakula kizuri kilichobadili umbo la wanga wake. Wa pili umeshambuliwa na kuvu wanaoweza kutoa sumu, nao utupwe wote, kwa maana nyuzi za kuvu hupenya ndani mahali pasipoonekana kwa macho. Asiyejua tofauti hii hupata hasara upande mmoja au mwingine: ama hutupa chakula kizima, ama hula kilichoharibika.

Majaribio ya darasani

1. Chukua chupa tatu zinazolingana. Katika kila moja tia kijiko kimoja cha hamira na viwili vya sukari. Ya kwanza itie maji ya baridi sana, ya pili maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hivi, ya tatu maji yaliyochemka, ambayo yamiminwe na mwalimu. Funga puto mdomoni mwa kila chupa. Pima mzingo wa kila puto baada ya kila dakika 10 kwa muda wa saa moja, kisha chora grafu.

2. Kata vipande viwili vya mkate mpya, vipime uzito, na uvifunge kila kimoja katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Kimoja kiweke kabatini, kingine katika jokofu. Kesho yake vipime tena na ulinganishe ugumu wake. Kisha pasha moto kile kigumu zaidi. Umeona nini?

Maswali

(a) Kwa nini andazi la kukaangwa huwa la kahawia, na mkate wa mvuke huwa mweupe?
(b) Ikiwa gramu 79 za amoniamu bikaboneti zinavunjika zote, zitatoa moli ngapi za gesi na mvuke kwa jumla?
(c) Nyumbani kwenu mkate uliokuwa mgumu hufanywaje? Pendekeza njia moja ya kuutumia, na ueleze sababu zake za kisayansi.

Tamati

Mnunuzi anayetoka bekarini na mkate wake wa bei ndogo amebeba gesi iliyotengenezwa na viumbe wasioonekana kwa macho, maji yaliyoshikwa na wanga, na mvuke uliotenganisha matabaka. Mwokaji alijifunza mengi ya hayo kwa mikono yake kabla ya kuyasoma kitabuni. Mwanafunzi anayeyasoma darasani naye yafaa ayatie mikononi. Aanze na mkate wa jana ulio kabatini kwao: autazame vizuri kama hauna ukungu, na ukiwa salama, aupashe moto kabla hajafikiri kuutupa.